Neno Tunalolitaja Mimbarani
Maneno waliyosomewa waalimu na washarika wa Vihingo siku ya jubilii



Katika furaha hii ya jubilii twataka kunena nanyi jambo moja: namna tunavyolitaja Neno la Mungu tunapohubiri.

Hapa Vihingo yuko mzee aliyezoea kusema mafungu ya Biblia kwa moyo. Siku moja aliposimama kushuhudia, aliwataja Aburahamu na Dawidi. Vijana wakacheka, na mwalimu akamsahihisha mbele ya watu, kwamba husemwa Ibrahimu na Daudi. Mzee akaketi, na kwa siku nyingi hakufungua kinywa kanisani. Nasi tuliokuwapo tulinyamaza. Na kunyamaza kwetu kulikuwa kosa.

Maana mzee hakukosea. Alisema kama alivyojifunza katika Biblia ya Karl Roehl, iliyotolewa mwaka 1937. Katika kazi ile Roehl alisaidiwa na waalimu Waafrika, Andrea Ndekeja, na Martin Nganisya aliyetumika huku kwetu Uzaramo. Walijitahidi kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu na kuyaweka ya Kibantu mahali pake. Kabla yake ilikuwapo Biblia ya Kiunguja ya mwaka 1891, iliyotokana na kazi ya Askofu Edward Steere, na ile ya Kimvita ya mwaka 1914. Baada yake ikaja Biblia ya Muungano, mwaka 1952, nayo ndiyo iliyoenea sana. Shina ni moja, matawi ni mengi.

Wala jambo hili si letu peke yetu. Kule Uingereza, Askofu Lancelot Andrewes alikuwa miongoni mwa wakuu wa wafasiri wa Biblia ya Mfalme James ya mwaka 1611. Hata hivyo, katika mahubiri yake mara nyingi alitaja maneno ya Biblia ya Geneva ya mwaka 1560, pamoja na ya Kilatini. Hata dibaji ya Biblia ile mpya ilitaja mafungu kwa maneno ya Geneva. Neno lililokaa moyoni haliondoki kwa sababu kitabu kipya kimepigwa chapa.

Basi, waalimu, tushike mambo matatu. Kwanza, tutaje kitabu, sura na mstari, ili msikilizaji afungue na kusoma mwenyewe. Pili, maneno yakitofautiana, tuulize kwanza yametoka katika Biblia ipi. Tatu, mtu asifanye tofauti hizo kuwa kisingizio cha kuyatia maneno yake mwenyewe kinywani mwa Mungu. Hilo ndilo kosa lenyewe.

Mzee yule tulimwendea nyumbani, tukamwomba radhi. Alitutolea Biblia yake, jalada limechakaa, akatuonyesha majina yale kwa kidole. Jumapili iliyofuata alisimama tena kushuhudia, na hakuna aliyecheka.

Mungu atujalie kulitunza Neno lake, na kuwatunza waliotufikishia.