Walinzi wa Mizizi Ndani ya Maji

Msikilizaji unayelima saladi au nyanya kwenye maji bila udongo, inua mche mmoja utazame mizizi yake. Ikiwa myeupe na imara, endelea. Ikiwa ya kahawia, yenye utelezi, na ganda lake linavulika kwa vidole kama soksi na kuacha uzi mwembamba, huo ni uozo wa mizizi, na mara nyingi kinachouleta ni kimelea kiitwacho Pythium.

Kimelea hiki hutoa vijimbegu vinavyoogelea, hivyo maji yanapozunguka, mche mmoja mgonjwa huweza kuambukiza mfumo mzima. Joto nalo hukisaidia: maji ya nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 kama 7.5 tu, na mzizi unaokosa hewa hushindwa kujikinga.

Hapo ndipo vijidudu rafiki wanapohitajika. Bakteria Bacillus subtilis hujibandika kwenye mizizi na kutoa kemikali zinazomzuia adui. Kuvu Trichoderma humvamia na kumla. Lakini uwatie mapema, miche ikiwa michanga. Kazi yao ni kukinga. Mzizi uliokwisha kuoza hawaufufui. Tena, tafadhali sana, usiwachanganye na klorini wala haidrojeni peroksaidi, kwa maana dawa hizo huua rafiki na adui pamoja. Funika tangi lisipigwe jua, washa pampu ya hewa, na kila ubadilishapo maji, rudia dozi kama kibandiko kinavyoelekeza.