Pampu ya Maziwa na Saa Isiyolipwa: Mama Anayerudi Kazini katika Nchi ya Chai

Mada kwa semina ya wauguzi, wahudumu wa afya ya jamii na wawakilishi wa wafanyakazi wa majani chai, Longisa, Kaunti ya Bomet

Utangulizi

Maana ya kunyonyesha maziwa ya mama pekee haihitaji kuelezwa kwa kirefu mbele ya wauguzi. Tangu azaliwe hadi afikishe miezi 6, mtoto hapewi uji, maziwa ya ng'ombe wala maji, isipokuwa dawa aliyoandikiwa. Shirika la Afya Duniani linasema hivyo, na Wizara ya Afya inasema hivyo hivyo. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa 2008-09 ulikuta asilimia 32 tu ya watoto wa Kenya walio chini ya miezi 6 wakinyonya maziwa ya mama pekee. Ule wa 2014 ukakuta asilimia 61. Wahudumu wa vijijini wanastahili shukrani kwa hatua hiyo. Utafiti wa 2022, hata hivyo, ulikuta asilimia 60. Tumekwama pale pale.

Mada hii inashikilia kwamba mahali pamoja tulipokwama ni siku mama anaporudi kazini. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 29, inampa likizo ya uzazi ya miezi 3 yenye mshahara kamili. Mtoto anahitaji miezi 6. Miezi 3 iliyobaki ndiyo inayomfanya mama aulize habari za pampu.

Pampu zilizopo

Zipo za aina tatu. Ile ya zamani yenye tufe la mpira la kubonyeza isinunuliwe kabisa: maziwa huingia ndani ya mpira, na humo hakuna brashi inayofika. Ya pili ni ya mkono yenye kishikio. Haina kelele, haihitaji stima, na ni rahisi kuosha. Ya tatu ni ya umeme, ya titi moja au ya matiti yote mawili kwa pamoja. Hii ya pamoja humaliza kazi kwa dakika 15 hivi, na nyingi za siku hizi zina betri inayochajiwa kama simu. Anayeletewa pampu na ndugu aliye Marekani asome kwanza maandishi kwenye chaja. Stima ya huko ni volti 120, yetu ni 240. Chaja iliyoandikwa 100-240 haina shida. Iliyoandikwa 120 peke yake itaungua.

Jambo linalosahauliwa na wengi ni kipimo cha faneli, ule mdomo unaokaa kwenye titi. Chukua rula, pima upana wa chuchu kwenye shina lake bila kuhesabu weusi unaoizunguka, kisha ongeza milimita 2 hadi 4. Pampu nyingi huja na faneli ya milimita 24, na si kila mama ni wa 24. Faneli ikibana, chuchu husuguka na kuchubuka. Ikipwaya, huvuta ndani hata ule weusi, na maziwa hayatoki vizuri. Mama akifika kliniki akisema maziwa yamekauka tangu aanze kutumia pampu, muuguzi apime kwanza kabla ya kumwambia lolote.

Pampu ya mtu mmoja haiazimwi wala hainunuliwi mtumba. Katika nyingi, maziwa yanaweza kupenya hadi kwenye mipira na mota, mahali pasipochemshika. Zinazotumiwa na mama zaidi ya mmoja ni zile za hospitali zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, na hata hizo kila mama huwa na vifaa vyake.

Mikono nayo isidharauliwe. Mama aliyefundishwa vizuri kukamua kwa mkono anaweza kupata ya kutosha bila kulipa shilingi moja, na somo hilo lingefaa kutolewa kabla hajatoka wodi ya wazazi.

Saa ya mchumaji

Hapa ndipo mwandishi wa mada hii anaomba subira ya wasikilizaji, kwa sababu ndiyo sehemu iliyomsumbua kwa miaka mingi.

Sheria ya Afya ya 2017 ni nzuri. Kifungu cha 71 kinamtaka mwajiri aweke chumba cha kunyonyeshea chenye mahali pa kunawa mikono, friji au kifaa kingine cha kupoza, soketi ya pampu, meza ndogo na viti vizuri. Kifungu cha 72 kinampa mama muda wa kunyonyesha au kukamua, mbali na mapumziko ya chakula, usiozidi jumla ya saa moja katika kila saa 8 za kazi. Karani wa benki mjini Bomet au mwalimu wa sekondari anaweza kukichukua kifungu hicho, akamwendea mkuu wake, wakazungumza.

Mchumaji wa majani chai atakwenda nacho wapi?

Longisa yenyewe iko upande wa chini, njia ya kuelekea Mulot na Narok, na chai nyingi iko juu, Konoin, Sotik na Kericho. Lakini wanawake wanaochuma huko wana ndugu na watoto huku, na wengine huletwa Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Longisa. Mchumaji hutoka alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani. Kikapu kiko mgongoni, aproni ya plastiki kiunoni. Shamba analochuma leo silo la kesho, na chumba chenye soketi, kama kipo, kiko ofisini au kiwandani, mwendo wa miguu kutoka alipo. Zaidi ya hayo, mchumaji hulipwa kwa kilo.

Tupige hesabu. Mtoto wa mwezi 1 hadi 6 hunywa wastani wa mililita 750 hadi 800 kwa siku. Mama akiwa mbali saa 8 au 9, anatakiwa kuacha karibu mililita 250 hadi 300, na kukamua mara mbili au tatu akiwa kazini ili maziwa yasipungue. Kwa mkono, au kwa pampu ya titi moja, kila mara ni nusu saa. Kwa pampu ya matiti mawili ni robo saa. Ongeza kunawa, kuosha vifaa, kwenda na kurudi, na ile saa ya sheria imekwisha hata kwa mwenye pampu nzuri kuliko zote. Saa hiyo kwa mwenye mshahara wa mwezi haimpunguzii kitu. Kwa mchumaji ni kilo ambazo hazitaandikwa jina lake kwenye mizani. Sheria imempa muda, lakini mizani haiuhesabu. Anayehitaji zaidi pampu ya haraka ndiye aliye mbali zaidi na soketi, na ndiye anayelipa kila dakika kutoka mfukoni mwake.

Kuna hofu nyingine inayopaswa kusemwa, kwa heshima kwa pande zote. Mashine za kuchuma chai zimepunguza kazi, na Mei 2023 hasira juu ya jambo hilo zilifika hadi mashine kuchomwa moto Kericho. Mwanamke anayeona mashine ikifanya kazi ya watu wengi hawezi kwa urahisi kwenda kwa msimamizi kuomba saa ya kukaa chini. Hunyamaza, hufunga leso kifuani maziwa yasionekane yakivuja, na wiki chache baadaye mtoto huanzishiwa maziwa ya ng'ombe. Huku ni nchi ya mursik, maziwa ya kugandisha ya Wakalenjin. Maziwa ya ng'ombe hayakosekani nyumbani.

Mwenye shamba dogo anayepeleka majani yake kiwanda cha KTDA hana hata mwajiri wa kumwomba. Kwake mkono, au pampu ya mkono, ndiyo jibu la kweli, pamoja na mtu wa kumletea mtoto kituo cha kununua majani wakati wa kupima.

Kumsaidia mchumaji si ndoto. Kituo cha utafiti cha APHRC kimewahi kujaribu mpango wa kuwasaidia wanawake wa shamba la chai Kericho waendelee kunyonyesha wakiwa kazini. Njia inajulikana.

Maziwa yakishakamuliwa

Nyumbani penye baridi kama huku, nyuzi 25 au chini yake, maziwa yaliyofunikwa hukaa salama saa 4. Kwenye friji hukaa siku 4. Yakijitenga, mafuta juu na maji chini, hayajaharibika, yatikiswe taratibu. Yapashwe kwa kuweka chombo ndani ya maji ya uvuguvugu, yasichemshwe. Mtoto anyweshwe kwa kikombe safi, na yanayobaki yasirudishwe. Anayelea mtoto mchana, awe yaya au kogo, yaani bibi yake, aje kliniki asikie haya mwenyewe, maana ndiye atakayeyashika.

Mapendekezo

Muuguzi asimwulize mama kwanza ana pesa ngapi za pampu. Amwulize anafanyia kazi wapi, kuna stima au hakuna, analipwa kwa mwezi au kwa kilo, na nani anabaki na mtoto. Majibu hayo ndiyo yanayochagua pampu. Kila kliniki ya wazazi iwe na rula. Kila mama afundishwe kukamua kwa mkono, hata aliye na pampu. Pampu za tufe la mpira na za mtumba zikemewe waziwazi.

Wenye mashamba waweke, karibu na wachumaji, vibanda vyenye maji, sabuni, kiti, pazia na kisanduku cha kupoza. Soketi moja ofisini haitoshi. Akina mama wanaonyonyesha wapangiwe mashamba yaliyo karibu na vibanda hivyo. Wahudumu wa afya ya jamii wamtembelee mama wiki mbili kabla likizo haijaisha, kwa sababu anayeanza kujifunza kukamua siku ya kurudi kazini amechelewa.

Na hili linarudiwa kwa makusudi: saa ya kifungu cha 72 ilipwe. Kwa anayelipwa kwa kilo, ihesabiwe kwa wastani wa kilo zake za kila saa. Wawakilishi wa wafanyakazi mliomo katika semina hii ndinyi mnaokaa mezani na waajiri mkataba wa pamoja unapojadiliwa. Tunawaomba mlipeleke hilo kwenye mazungumzo yajayo, liandikwe na litiwe sahihi.