Kiapo cha Asiye na Dini



Miaka kadhaa iliyopita niliketi nyuma katika mahakama moja ya mwanzo hapa Ugogoni. Shahidi alikuwa mzee wa Kigogo, mgolole begani, fimbo kaiacha mlangoni. Karani akamuuliza dini yake, ajue ampe Biblia au Msahafu. "Sina," akajibu. Karani akaandika: mpagani. Mzee akathibitisha mikono mitupu kwamba atasema kweli.

Shauri lilikuwa la mirathi. Ugogoni mvua ni chache, tena huchagua: kijiji hiki kinapata, cha jirani kinakosa. Ndiyo maana mwenye mifugo halundiki yote katika zizi moja, huwapa wengine wamtunzie. Mtunzaji hunywa maziwa na samadi huipeleka shambani, lakini ndama ni wa mwenye mali. Hati hakuna. Marehemu, mfanyabiashara Mwislamu, alikuwa amemwachia mzee ng'ombe majike 4, na warithi waliokuwa wakigombania mgawo walijua hao 4 tu. Mzee akahesabu 11. Aliwataja mmoja mmoja kwa rangi, hata mtamba aliyeliwa na fisi.

Nilimfuata nje. "Shikamoo, mzee. Mbona hukunyamaza?"

"Wajukuu zangu wamekua kwa maziwa yale," akasema, akachukua fimbo yake.

Nikisema wema wake haukutoka katika dini, nalijua pingamizi. Wagogo wana Mulungu, wana matambiko ya mvua, na mzee alilelewa humo. Kweli kabisa, wala simgeuzi kuwa shahidi wa ukafiri. Ninachoshika ni sababu aliyoitoa mwenyewe: haikupita mbinguni, ilipita kwenye kibuyu cha maziwa.

Plato alimweka Socrates aulize kama lililo takatifu ni takatifu kwa kuwa miungu wanalipenda, au wanalipenda kwa kuwa ni takatifu; nasi twaweza kuuliza vivyo hivyo kuhusu jema. Swali hilo lilitufikia mwaka 2023 kutoka Shakahola, kule Kilifi, Kenya, ilikofukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge hadi kufa wakamwone Yesu. Wakristo na Waislamu wengi walisema: hii si dini. Nawaomba mkae na kauli hiyo. Walipima mahubiri kwa kipimo gani? Kama wema wote ungetoka katika amri, anayesadiki amri imetoka juu asingekuwa na pa kusimama aikatae. Walikuwa napo. Mtoto anayekufa kwa njaa alitosha.

Sisemi dini haina kazi. Mwalimu Nyerere alihudhuria misa kila siku, na ni yeye aliyesisitiza kwamba serikali yetu haina dini. Hakuona kwamba kwa hilo itakosa maadili. Imani ilimpa nguvu ya kutenda alilojua ni haki, na wengi humu ukumbini ndivyo tunavyoishi.

Sheria yetu nayo imeelewa kuliko karani yule kwamba asiye na dini anaweza kusema kweli: uthibitisho una uzito uleule wa kiapo, na mwongo hushtakiwa vilevile. Basi enyi wanafunzi wa sheria, mtakapokuwa mahakimu na neno "mpagani" likaandikwa mbele yenu, msianze kupunguza uzito wa ushahidi. Mwulizeni mzee ng'ombe ni wangapi.