Mama Phoebe Asiyo: Hakuomba Hisani, Alidai Sheria



Mmetuita tumkumbuke Mama Phoebe Asiyo, aliyezaliwa mwaka 1932 na kufariki Julai 2025, akiwa amevuka miaka 90. Mengi yamekwisha kusemwa juu ya upole wake, na juu ya wazee wa Kiluo waliomtawaza kuwa mmoja wao, heshima ambayo kwa desturi ilikuwa ya wanaume. Sisi mawakili tunaomba ruhusa tuseme juu ya ukaidi wake.

Tuanze gerezani. Zama za ukoloni Mama Asiyo alijiunga na Idara ya Magereza, akapanda ngazi hadi usimamizi mwandamizi, cheo ambacho mwanamke Mwafrika hakuwa amekishika nchini. Alikuta wanawake wakifungwa katika magereza ya wanaume, naye akapigania watengwe, wapewe mahali pao. Kanisani tumefundishwa kuwatembelea wafungwa, na ni vyema. Yeye alikwenda mbele ya hapo: alitaka gereza lenyewe libadilike, ili siku askari mwema anapohamishwa, mfungwa asiachwe mikononi mwa bahati. Kwa maoni yetu, yote aliyoyafanya baadaye yalitoka katika fikira hiyo.

Mwaka 1958 akawa Mwafrika wa kwanza kuongoza Maendeleo ya Wanawake. Tusiruke hapo haraka, maana wako wanaokidhania chama kile kuwa mahali pa kufundishana mapishi na ufumaji tu. Mwanamke aliyezoea kuongoza mkutano, kuweka hesabu na kupinga hoja bila kutukana amekwisha kuwa raia, hata kabla hajaitwa kupiga kura.

Alikuwa mbunge wa Karachuonyo wakati wa chama kimoja, kisha akarudi Bungeni kwa uchaguzi wa 1992, baada ya kufutwa kifungu cha 2A. Wanawake waliochaguliwa mwaka ule walikuwa 6 tu. Vyama vilikuwa vingi, naam. Lakini viti vilikuwa karibu vyote vya jinsia moja! Mwaka 1997 Mama Asiyo akawasilisha hoja kwamba uwakilishi wa wanawake uhakikishwe kwa sheria. Hoja ikaangushwa.

Wengine wangalirudi nyumbani kupumzika, na umri ulimruhusu. Yeye akaketi katika Tume ya Kurekebisha Katiba, akisikiliza maoni ya wananchi. Katiba ilipotangazwa tarehe 27 Agosti 2010, kifungu cha 27 kiliagiza kwamba wasizidi theluthi mbili wajumbe wa jinsia moja katika chombo chochote cha kuchaguliwa au kuteuliwa. Kile kilichokataliwa 1997 kikawa agizo la sheria kuu.

Agizo, lakini Bunge halikutii. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ilishauri kwamba sheria ya kulitekeleza ipatikane kufikia tarehe 27 Agosti 2015. Siku ikapita. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje Bunge kwa kukaidi Katiba, halikuvunjwa. Mama Asiyo aliyaona yote hayo akiwa bibi mzee, na hadi anafariki sheria ile ilikuwa haijapitishwa.

Tutakaposimama makaburini kumsifu, basi, tusiseme alimaliza kazi. Tumsifu kwa haki yake, si kwa uongo. Wabunge watakaokuja kanisani kuomba mikrofoni na kutoa rambirambi wapokelewe kwa adabu, kisha waulizwe mbele ya waumini: mlipiga kura namna gani mswada wa theluthi mbili ulipoletwa, au mlikuwa wapi siku ambayo akidi haikutimia?

Nakala za vifungu vya 27 na 81 ziko mezani karibu na mlango. Akina mama wa ushirika wachukue za kutosha kupeleka kwa majirani.