Papa Potwe wa Mafia Hana Msimu

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa Oktoba hadi Machi hivi, papa potwe huonekana katika maji ya Kilindoni, upande wa magharibi wa kisiwa cha Mafia, naye ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, ambaye licha ya kuweza kufikia urefu wa mita 18 hula uduvi na viumbe wengine wadogo kwa kuvuta maji kinywani na kuyachuja kwenye matamvua. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba kaskazi ikiisha naye hushika safari ya bahari za mbali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha vinginevyo, kwani papa waliofungwa vifaa vidogo vya kutoa milio, ambayo ilinaswa na vipokezi vilivyotegwa chini ya bahari, waligunduliwa kuwa wengi wao hawaondoki, bali wakati wa kusi husogea mbali kidogo na pwani na kuzama zaidi, mahali ambapo aliye juu ya mashua hawaoni.

Ugunduzi huo unatikisa mazoea ya kuuzungumzia ulinzi wa samaki huyu kana kwamba ni suala la msimu wa watalii, kwa kuwa papa anayekaa karibu miezi yote 12 hukaa karibu na nyavu miezi yote 12. Tena Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, imeelekea zaidi kusini na mashariki ya kisiwa, na maji ya Kilindoni yako nje ya mipaka yake.

Uzito wa jambo hili umo katika maumbile ya papa. Mifupa yake ni ya gegedu, yaani kitu laini na chepesi kama kile kinachoshikilia sikio la mtu, na kwa kuwa hana kibofu cha hewa kama samaki wengi, ueleaji wake majini husaidiwa na ini kubwa lililojaa mafuta, yale yale ambayo wenyeji wa pwani waliyaita sifa na kuyapaka kwenye mbao za majahazi. Lakini linalomponza zaidi ni uzazi. Dagaa hukomaa upesi na kutaga mayai mengi, kwa hiyo bahari ikipumzishwa huweza kujaa tena. Papa potwe huchukua miaka mingi, pengine zaidi ya 20, kabla ya kuzaa. Ni kweli kwamba jike mmoja aliyevuliwa Taiwan mwaka 1995 alikutwa na vijusi wapatao 300, idadi isiyojulikana kwa papa wengine, lakini hesabu hiyo haifidii miongo ya kusubiri, na mahali majike wanapozalia bado hapajulikani. Wanaoonekana Mafia wengi ni madume ambao hawajapevuka, na kila mmoja anayekufa katika umri huo hufa bila kuacha mtoto.

Mwaka 2002 papa potwe aliingizwa katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Hatua hiyo ilikuwa muhimu, ila mkataba wa biashara hauwezi kumfaa papa anayenaswa kwa bahati mbaya asiyekusudiwa kuuzwa popote. Huko Mafia papa na dagaa huvutwa na chakula kile kile, hivyo wavuvi wanaozungusha nyavu zao huwakuta wote pamoja, na mvuvi anayeshusha ukingo wa wavu ili papa atoke huweza kupoteza sehemu ya mavuno ya usiku mzima. Jarife, wavu wenye matundu mapana unaotegwa kwa ajili ya samaki wakubwa, ni hatari zaidi, maana aliyenaswa humo huweza kufa kabla mwenye wavu hajafika.

Si haki, basi, mvuvi peke yake abebe gharama ya papa ambaye mgeni hulipa kumtazama. Sehemu ya ada za watalii ingefaa imfidie anayefungua wavu, na jarife lizuiliwe katika maji ya Kilindoni hata wakati wa kusi, ambapo mashua za watalii zimetia nanga.