Talaka Imetoka, Kazi ya Utalii Ianzie Wapi?

Msikilizaji, ndoa imevunjika una miaka 45 na unatamani kuongoza watalii? Usikimbilie kununua buti. Dai kwanza haki yako. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali mliyochuma pamoja, na tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed, 1983, kupika na kulea nako ni mchango. Mtaji huo.

Kisha usome, lugha ya kigeni ikiwemo, ukate leseni. Bila leseni unavunja sheria. Na umri? Mgeni mzee mwenye magoti mabovu, pale magofu ya Kaole, Bagamoyo, humshukuru kiongozi anayemsubiri kivulini bila kutazama saa.