Sahani Moja ya Sima Ni Shilingi Ngapi?

(Maelezo ya afisa wa habari wa kaunti kwa wanachama wa vikundi vya akiba. Yamefupishwa kidogo kwa ajili ya jarida hili.)

Bi Mwenyekiti ameniomba nisipitishe dakika ishirini kwa sababu baadhi yenu mmeacha sufuria jikoni, basi naanzia huko huko jikoni.

Nikiuliza hapa kilo ya sukari ni bei gani, nitajibiwa kwa sauti moja. Nikiuliza paketi ya unga, vivyo hivyo. Lakini nikiuliza chakula cha jana usiku kiligharimu shilingi ngapi kwa kila mtu aliyekula, naona mnatazamana. Bei za vitu tunazijua, bei ya mlo hatuijui. Na ugomvi mwingi wa pesa nyumbani, pamoja na deni kubwa la dukani, unatokana na mlo kuliko bei ya kitu kimoja.

Tuchukue chakula cha jioni cha kawaida hapa Kilifi: sima, mchicha wa nazi na dagaa kidogo, kwa watu sita. Bei nitakazotaja ni za mfano. Aliye Malindi, Ganze au Kaloleni aweke zake, maana najua hazifanani. Unga, nusu ya paketi ya shilingi 160, ni 80. Mchicha vifungu viwili, 40. Nyanya 20, kitunguu 10, nazi moja 40, dagaa 50. Jumla 240. Wengi wetu tukikokotoa kichwani tunaishia hapo, tena wengine hata nyanya na kitunguu hawavihesabu.

Sasa ongeza makaa. Mkebe wa shilingi 80 ukipika nao mara mbili, jioni hiyo umechoma 40. Maji ya kupikia, kuoshea mboga na kuosha vyombo, kwa anayenunua kwa mtungi, tuseme 10. Chumvi 2. Tumefika 292, ambayo ukigawa kwa sita ni karibu shilingi 49 kwa sahani. Zile 52 ambazo hatukuzihesabu zinaonekana ndogo, lakini kwa jioni 30 ni shilingi 1,560. Hapo hatujagusa chakula cha mchana wala chai.

Mama mmoja katika kikundi kimojawapo alinieleza kwamba mumewe alikuwa anamwachia pesa ya matumizi ya kiasi kile kile tangu mtoto wao wa mwisho akiwa ananyonya, na sasa mtoto huyo yuko darasa la pili. Kila wakilizungumza, baba anasema, "Mbona zamani zilitosha?" naye mama anasema vitu vimepanda, wanalala wamenuniana. Alipoanza kuandika katika daftari, majuma mawili baadaye akaliweka mezani. Baba alisoma, akauliza maswali mawili kuhusu mafuta, akaongeza pesa. Hakuongeza zote alizohitaji mama, kwa sababu hakuwa nazo. Lakini yale maneno ya "unapeleka wapi pesa" yalikoma. Kina baba, sisemi haya kuwasuta. Mtu asiyekwenda sokoni kila siku anabaki na bei za zamani kichwani, awe mume, awe mama mkwe, awe mtoto aliye Mombasa anayetuma pesa kwa simu na kushangaa zimeishaje.

Hilo daftari si la kutisha. Daftari la shule lenye mistari linatosha. Andika tarehe, mlo gani, ulinunua nini, kwa bei gani, na watu wangapi walikula. Hiyo ya mwisho ndiyo watu husahau, na bila hiyo hesabu haina maana. Jumapili wakija wageni wanne gharama itapanda, na usipoandika wageni utadhani umefuja. Wengine mtaniambia mnalipa kwa M-Pesa na ujumbe unabaki kwenye simu. Ni kweli, nao unasaidia. Ila ujumbe huo unaonyesha ulimlipa nani, hauonyeshi ulinunua nini. Shilingi 350 kwa mama mboga inaweza kuwa mboga ya siku moja, au deni la juzi.

Na tukisema deni: mwenye duka ana daftari lake. Unga wako wa jana, mafuta yako ya juzi, yote ameyaandika na tarehe. Yaani mlo wako tayari unaandikwa na mtu. Anayeandika si wewe tu, na mwisho wa mwezi unakwenda kusomewa.

Sasa mafuta, maana hapa ndipo nataka tukae kidogo. Wengi tunanunua kwa kipimo, ile kadogo ya shilingi 20. Fanya jaribio hili nyumbani. Tafuta chupa tupu ya lita moja. Kila ukinunua kipimo, kabla hujapika, pima kwa kifuniko au kikombe kidogo uone ni vikombe vingapi, kisha jaza chupa hiyo kwa maji kwa kikombe kile kile uone vipimo vingapi vinatosha lita. Tuseme vimetosha ishirini. Ishirini mara shilingi 20 ni 400. Ikiwa lita nzima dukani ni 300, umelipa shilingi 100 zaidi kwa mafuta yale yale. Nyumba inayotumia lita tatu kwa mwezi imetoa 300 za bure.

Najua mtakavyonijibu, na mna haki. Mtu hanunui kipimo kwa kupenda. Ananunua kwa sababu leo ana shilingi 20, hana 300. Mwenye duka naye hafanyi dhambi, anagawanya, anamwaga kidogo, anakaa na mtaji wake pale, lazima apate faida. Kwa hiyo sitawaambia "nunueni kwa wingi" kisha niondoke, kama tunavyofanya mara nyingi sisi wa ofisini. Lakini ninyi mliokaa hapa ni vikundi. Nyumba kumi zikitoa kidogo kidogo kila juma, mtungi wa lita 20 unapatikana kwa bei ya jumla na mnagawana kwa kipimo chenu wenyewe. Anayeandika daftari ndiye anayejua anahitaji lita ngapi, hivyo hachukui zaidi akauza kwa jirani.

Katika kugawana huko, angalieni vipimo. Kibaba, mkebe, kasuku, vyote vinaweza kubonyezwa kitako au kuwekewa kitu chini, na ukajaziwa hewa. Kazi ya biashara ya haki na masoko imewekwa chini ya serikali za kaunti katika Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010, na mizani ya mfanyabiashara inapaswa kukaguliwa na kupigwa muhuri na maafisa wa vipimo kila mwaka. Ukiona mizani inayokutia shaka, toa taarifa ofisi ya biashara ya kaunti. Peleka jina la soko, siku na kitu ulichonunua. Kama umekiandika katika daftari lako, malalamiko yako yana miguu ya kusimamia. Jambo moja niseme wazi ili nisiondoke hapa nimewaahidi nisilokuwa nalo: kaunti haipangi bei ya unga wala ya mafuta.

Serikali ya kitaifa iliwahi kuingilia. Julai 2022 ilitangazwa kwamba paketi ya kilo mbili ishuke kutoka shilingi 205 hadi 100 kwa muda, na wengi mnakumbuka mlivyozunguka maduka mkiitafuta. Kwa mlo wetu wa jioni unaokula nusu paketi, punguzo lile lilikuwa shilingi 52 na nusu kwa aliyeipata. Si haba. Lakini nazi, dagaa, nyanya na makaa havikupungua hata senti. Ukiwa na hesabu ya mlo mzima unajua punguzo kama hilo limekusaidia kwa kiasi gani, na upande gani wa sufuria bado unakuumiza.

Ndiyo maana pia nawaomba msichanganyikiwe na takwimu za mfumuko wa bei mnazosikia redioni mwisho wa mwezi. Shirika la Takwimu la Taifa, KNBS, hukusanya bei katika masoko mbalimbali nchini na kuzipima kwa kapu moja, ambamo chakula na vinywaji visivyo vileo ni karibu theluthi. Kodi ya nyumba, nauli, karo na mengine yanachukua sehemu iliyobaki. Nyumba yenye kipato kidogo hutumia sehemu kubwa zaidi ya hiyo kwa chakula, kwa hiyo vyakula vikipanda inaumia kuliko nambari ya redioni inavyoonyesha. Tena wakisema mfumuko umeshuka, haina maana bei zimeshuka. Maana yake zinapanda polepole kuliko awali. Sisi wanahabari tuna lawama hapo, tunaandika "afueni kwa wananchi" halafu mwananchi anakwenda sokoni na gazeti mkononi.

Chakula cha mchana nitakipitia haraka. Walio na watoto wanaorudi nyumbani saa saba wanajua kwamba mchana ndio wakati wa kununua vitu vya haraka, na vya haraka ni ghali. Mbaazi au maharagwe yaliyolowekwa usiku huiva kwa makaa machache kuliko makavu. Ukichemsha ya milo miwili kwa pamoja, yale makaa unayagawa kwa mbili. Andika hivyo katika daftari, nusu mchana, nusu jioni. Kwa gesi, andika siku uliyofunga mtungi na siku ulipoisha. Kama kuujaza ni shilingi 1,200 na umekaa siku 24, moto wako ni shilingi 50 kwa siku. Na kama unapanda boda boda kwenda soko la mbali kufuata bei nafuu, nauli iandikwe pale pale kando ya mboga. Kuna watu wanaokoa shilingi 60 kwa nauli ya 100.

Kitu cha shambani nacho kiandikwe. Ndugu zetu wa Kaloleni na Rabai husema, "Nazi sinunui, natungua." Sawa, lakini nazi hiyo ungeiuza. Iandike kwa bei ambayo ungeuzia, na mchicha wa nyuma ya nyumba vivyo hivyo, hata kuku. Mtashangaa jinsi shamba dogo linavyowalisha bila kushukuriwa. Na siku ukitaka kukata mnazi ule uuze mbao, utakuwa unajua unakata shilingi ngapi kwa mwezi.

Bei zetu za pwani zina majira yake. Wakati wa kusi bahari huchafuka, vyombo vidogo haviendi mbali, samaki hupungua na bei hupanda. Kaskazi ikituama, samaki hurudi. Nyanya nazo mwajua zinavyocheza. Majuma mawili ya daftari yatakuonyesha matumizi yako ya sasa, lakini anayeendelea mwaka mzima ataanza kujua mapema mwezi gani akaushe dagaa, mwezi gani aweke akiba ya mahindi.

Nina wasiwasi mmoja kuhusu zoezi hili, nami nautaja mapema. Mtu akianza kuhesabu anaweza kushindana na nambari, akatafuta sahani ya bei ya chini kabisa. Sahani hiyo naijua, ni sima na chumvi. Watoto hawakui kwa hiyo. Kwa hiyo ongezeni alama ndogo kando ya kila mlo uliokuwa na dagaa, samaki, mayai, maziwa, mbaazi, kunde au maharagwe. Mwisho wa juma hesabuni alama kabla ya kuhesabu shilingi. Kama alama ni tatu kwa milo kumi na minne, shilingi zilizookolewa zimetoka kwa mtoto, na hapo kikundi kizungumze: labda mafuta yale tuliyonunua kwa pamoja yageuke kuwa mayai.

Tunaanza Jumatatu, kwa majuma mawili. Asiyejua kuandika amtumie mtoto, ni hesabu nzuri ya shule. Hakuna atakayelazimishwa kuonyesha daftari lake. Tutakapokutana tena kila kikundi kitaje vitu vitatu tu vilivyokula pesa kuliko ilivyodhaniwa. Orodha hizo mwende nazo pia kwenye vikao vya umma vya bajeti ya kaunti, mahali ambapo watu husimama wakasema "maisha magumu" na karani akaandika "maisha magumu". Mkisema wadi yetu inalipa shilingi kadhaa kwa maji ya kupikia kwa siku, na nyumba ishirini zimeandika, karani ataandika hivyo.

Kuhusu swali la kaka pale nyuma, kama chai ya jioni na andazi viandikwe: ndiyo, viandike, na sukari yake. Na ile soda unayokunywa stendi kabla ya kufika nyumbani, iandike ukurasa wa mwisho, kwa penseli ukipenda.